Sahani Zinazorudi

Miaka saba alitutumia picha za sahani.
Jumapili, baada ya misa, simu ya mama inalia
na sisi tunarundikana Igoma, kwenye kochi lenye vitambaa:
kipande cha nyama kimelalia mchuzi uliochorwa kama mkufu,
karoti tatu zimesimama wima, gwaride,
na jani moja juu. Moja tu.
"Hii shilingi ngapi?" baba anauliza.
Kaka anajibu kwa pauni. Baba anazidisha,
anavua miwani.

Mtaa mzima ukajua: Lugembe wa Birmingham
anakula hotelini kila siku iendayo kwa Mungu.
Shangazi Ng'walu akasema mtoto atasahau ugali.
Mama hakusema neno. Aliongeza tu kitunguu kwenye dagaa
siku ile picha ikifika.

Sasa amerudi, wiki tatu, na koti asilolihitaji.
Nimempeleka Kirumba, hatua chache kutoka mwaloni,
kwa Mama Nyamizi: meza za plastiki zenye nembo ya soda,
upepo wa ziwa unanyanyua pembe za vitambaa,
tunavibana kwa chupa ya pilipili.
Orodha ya vyakula hakuna. Mama Nyamizi ndiye orodha:
"Sato yupo, sangara yupo, furu wameisha,
maharage ya jana, sitawadanganya."

Sato akaja mzima, mapezi yakivunjika kama biskuti,
ugali wa udaga, ndimu, kachumbari.
Lugembe amekaa akielekea jikoni.
Ziwa amelipa mgongo.
Macho yake hayako kwa samaki. Yako kule nyuma, kwenye beseni,
ambako msichana amechutama anasugua masufuria,
na kila sahani ikigonga sahani
bega la kaka yangu linashtuka.

"Dada," anasema, "zile sikuzila.
Hata moja.
Nilizipiga picha zikiwa dirishani, mhudumu hajaja.
Mimi nilikutana nazo zikirudi."

Akanyamaza, akatoa mwiba.

"Zikirudi zina maneno.
Wachumba wakigombana, nyama inabaki.
Mtoto anaficha mboga chini ya kisu.
Kuna mmoja, kila Alhamisi, hakubakiza hata punje,
leso ameikunja pembe nne. Nikasema huyu mjane.
Sura zao sikuziona.
Niliwajua kwa mabaki.

"Nilipotimiza thelathini nikaingia mgahawa wa jirani,
mlango wa mbele. Nikavutiwa kiti, nikaitwa bwana.
Nilikula nini, sikumbuki.
Nakumbuka niliifuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa,
maana nyuma ya ukuta ule
kuna mtu."

Nilitaka kumuuliza, mbona hukutuambia?
Badala yake nikavunja kichwa cha sato,
nikakisogeza upande wake.
Kichwa, kwetu, hakipewi mtu hivi hivi.
Alikifyonza polepole, jicho, shavu, kila kijifupa,
kisha mikono ikaanza yenyewe:
kubwa chini, ndogo juu, miiba katikati,
na kabla sijamshika ameshasimama na mnara wa sahani.

"We! Weka chini hapo!" Mama Nyamizi, mwiko hewani.
"Umekuja kula au umekuja kuomba kazi?"
Meza ya madereva wakacheka.
Kaka akakaa, taratibu,
kama aliyeambiwa jambo kwa lugha anayoisoma tu.

Elfu kumi na sita. Nililipa mimi.
Yeye akachomeka elfu tano chini ya sahani, nikamwona, nikanyamaza.
Tumefika kwenye duka la nyavu
ndipo tuliposikia ndala zikipiga lami:
"Kaka! Kaka wa koti! Umesahau hela!"
Yule msichana, povu mpaka kwenye viwiko,
anahema, noti ameinyoosha mbele kama kitu kinachoungua.

Lugembe alifumbua kinywa aeleze desturi za kule.
Watu wanatazama. Muuza nyavu ameacha kuhesabu.
Akafumba.
Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante,
na njia nzima mpaka Igoma
hakuitia mfukoni,
aliishika hivyo hivyo, imelowa,
inanuka sabuni.